Sura ya Sita: Chenji ya Mwanga

Samaki walikuwa 14. Tuliwakata kwenye plaiwudi, tukawapiga msasa, tukawapaka rangi wiki nzima nyuma ya ukumbi wa shule moja mjini Tanga, na mchana walipendeza mno: changu wa pinki, nguru wa buluu, na pweza mmoja mkubwa wa zambarau ambaye watoto walimpa jina la mwalimu wao wa hisabati. Mchezo ulihusu bahari usiku. Taa za ukumbi zizimwe, taa ya urujuanimno iwashwe, samaki waelee gizani wakiwaka wenyewe, na aliyewashika asionekane.

Siku ya mazoezi ya mwisho tukazima taa, tukawasha ile nyingine. Ukumbi mzima ukawa zambarau kama juisi ya zabibu: kuta, viti, nyuso za watu. Katikati ya zambarau ile samaki wangu walikuwa weusi tii. Changu hakuonekana kabisa. Pweza alionekana jicho moja. Kilichowaka, na kiliwaka kwelikweli, ni shati jeupe la mwalimu mkuu aliyekaa mstari wa mbele, pamoja na pazia jeusi la nyuma ambalo mama mmoja mwenye moyo mzuri alikuwa amelifua kwa sabuni ya unga lisije likanuka vumbi. Pazia lilijaa vinyota vya buluu toka juu hadi chini.

"Fundi," mwalimu mkuu akasema, "si ungenivalisha mimi hayo mapezi tu?"

Nilikosea kwenye taa, nikakosea kwenye rangi, nikakosea kwenye kitambaa. Ila ukiyatazama vizuri ni kosa moja lililozaa matatu: vyote nilivichagua mchana, kwa jicho la mchana, kwenye jua la Kariakoo, na jicho la mchana halina habari na mambo haya.

Mwanga tunaouona unaanzia takriban nanometa 400 upande wa urujuani, unakwenda hadi kama 700 upande wa nyekundu. Chini ya 400 ndiko kwenye urujuanimno. Upo, unagonga vitu, unababua ngozi, lakini jicho haliuoni. Sasa kuna vitu vyenye tabia ya kuumeza mwanga huo na kuutapika papo hapo ukiwa umepungua nguvu, na huo uliopungua ndio tunaouona. Vijana wangu wa kazi huwa nawaeleza kwa habari ya chenji. Chukulia chembe moja ya mwanga wa nanometa 365 ni noti ya shilingi 10,000. Rangi ya kijani inaipokea, inakata 3,000 ambazo zinaishia kuwa joto, inakurudishia 7,000; hiyo ni chembe ya kijani, nanometa 520. Rangi ya machungwa iliyokaribia nyekundu, nanometa 610, inakata zaidi na kurudisha 6,000. Ya buluu ina roho nzuri, inarudisha 8,300 hivi. Hesabu hizi sikuzibuni ili mfano unoge. Ndio uwiano halisi wa nguvu zao. Na kama ilivyo dukani, hutoi noti ya 5,000 ukarudishiwa chenji ya 7,000. Ndiyo maana taa nyekundu ya jukwaani, hata iwe kali namna gani, haiwezi kuiwasha rangi ya kijani.

Aliyeiweka kanuni hii wazi ni George Gabriel Stokes wa Cambridge, mwaka 1852, na alichotumia ni kwinini, ileile chungu iliyotutibu malaria utotoni. Alitawanya mwanga wa jua kwa prizimu hadi ukawa kama upinde wa mvua, kisha akalisogeza bomba lenye maji ya kwinini kutoka rangi moja hadi nyingine. Kwenye nyekundu, kimya. Kwenye kijani, kimya. Alipoivuka urujuani na kuingia mahali ambapo jicho halioni kitu, maji yakawaka buluu. Tabia hiyo akaiita floresensi, kutokana na jiwe la floraiti ambalo nalo linayo. Soda ya toniki ina kwinini kidogo, kwa hiyo jaribio lake unaweza kulifanya mezani: iweke gizani chini ya taa inayofaa, utaiona buluu ileile. Halafu tia chumvi, koroga. Mwanga unafifia ukitazama. Kloridi iliyomo kwenye chumvi inainyang'anya kwinini ile nguvu kabla haijatoka kama mwanga. Jambo hilo liweke akilini, maana kitu kinaweza kuwa na uwezo wote wa kuwaka na bado jirani yake akakizima.

Turudi kwenye taa, kwa sababu taa hununuliwa kwanza, rangi baadaye. Yangu ilikuwa imeandikwa "UV" kwa herufi kubwa, bila namba yoyote, na bila namba umenunua mbuzi kwenye gunia. Taa nyingi za bei ya chini zina LED za nanometa 395 au 400. Hizo zimesimama mlangoni: nusu ndani, nusu nje. Sehemu kubwa ya mwanga wake inaonekana kwa macho kama zambarau, na zambarau hiyo inakimulika kila kitu, pamoja na mikono ya mtoto anayedhani hayumo jukwaani. Taa ya 365 ukiiwasha unaweza kudhani imeungua. Kinachotoka ni mng'ao hafifu wa kijivu, na zilizo nzuri huwekewa kioo cheusi mbele ili hata huo mng'ao ubaki ndani. Kioo cha namna hiyo, chenye oksaidi ya nikeli, kilianzishwa na mwanafizikia wa Marekani Robert Williams Wood mwanzoni mwa karne ya 20, na madaktari wa ngozi hadi leo wanaitumia taa yenye jina lake kutafuta mashilingi kwenye vichwa vya watoto, kwa kuwa baadhi ya fangasi wake huwaka kijani.

Sisemi 395 haifai kabisa. Kwenye ukumbi wa harusi, watu wakicheza na hakuna anayefichwa, inatosha, na rangi nyingi angavu zinaridhika nayo kwa kuwa hata mwanga wa buluu zinaunywa. Ila kwa jukwaa, au kwa wino usioonekana mchana, usijidanganye. Nunua 365.

Kuna taa nyingine tena yenye jina hilohilo la UV, ile ya kuulia vijidudu kwenye mitambo ya maji. Hiyo hutoa nanometa 254. Mtu aipeleke jukwaani na watoto wote wataamka usiku wa manane wakihisi mchanga machoni, maana huunguza uso wa jicho na maumivu huja saa kadhaa baadaye. Muuzaji asipojua tofauti, toka dukani mwake. Hata hiyo ya 365 usiikodolee macho; ukiona kama ukungu umetanda mbele yako, ujue ni lenzi ya jicho lako mwenyewe inawaka.

Sasa rangi. Muuzaji akikwambia "hii inawaka", muulize inawaka vipi, kwa kuwa neno hilo limebebeshwa mizigo mingi. Mchukue bodaboda yeyote na kizibao chake. Kile kitambaa cha njano inayoelekea kijani kinameza urujuanimno na buluu ya jua, kinazirudisha zikiwa njano, juu ya njano ambayo kingeakisi hata hivyo. Kwa hiyo njano inayotoka inaweza kuzidi njano iliyoingia, na ndiyo maana kizibao kinaonekana kama kina umeme wake, hasa magharibi inapoingia na mwanga wa anga uliobaki ni wa kibuluubuluu. Ukanda wa fedha uliopita kifuani ni jambo jingine kabisa. Huo hauna chenji. Unairudisha noti ileile, kwa mtu yuleyule aliyeitoa: taa ya gari inaupiga, nao unaurudisha mwanga kwa dereva. Saa nne usiku barabarani ukanda ndio unaofanya kazi, kitambaa kimelala. Chini ya taa yangu ya urujuanimno zamu zinageuka. Nimemwona mtu akibandika ukanda wa fedha kwenye mapambo yote ya disko, roli baada ya roli, akangoja uwake.

Rangi angavu ya kopo imetengenezwa vilevile kama kile kitambaa: dai, yaani kemikali yenyewe ya rangi, inayeyushwa ndani ya plastiki, plastiki inakaushwa na kusagwa hadi iwe unga laini, unga unatiwa kwenye rangi. Kiasi cha dai hupimwa kwa makini kwa sababu ikizidi chembe zake zinaanza kunyang'anyana na mwanga unapungua. Walioifikisha biashara hii sokoni ni ndugu wawili wa Berkeley, California, Bob na Joe Switzer. Mwaka 1933 Bob aliumia vibaya kazini na macho yakadhurika, akawa anaugulia kwenye chumba chenye giza. Joe alikuwa mpenzi wa mazingaombwe. Wakaingia na taa ya urujuanimno kwenye stoo ya duka la dawa la baba yao, wakamulika chupa moja baada ya nyingine, wakaziweka kando zile zilizowaka, wakachanganya na vanishi. Rangi zao za kwanza zilikuwa za maonyesho ya mazingaombwe. Baadaye wakahamia Cleveland, na Vita ya Pili ilipofika vitambaa vyao vikatumika kuonyesha ndege za kirafiki mahali askari wao walipo. Kampuni yao ndiyo iliyokuja kuitwa Day-Glo. Ninachokipenda kwenye habari hii ni ile stoo. Hawakusoma lebo. Walizima taa, wakamulika.

Mimi sikumulika, na hapo ndipo changu aliponifia. Nilikuwa na kopo la nyekundu angavu, safi kabisa, nikataka pinki. Fundi yeyote akitaka pinki anatia nyeupe. Nikatia nyeupe ya kawaida ya ukutani, nikakoroga, pinki ikaja nzuri ajabu. Weupe wa rangi hizo unatokana na dioksaidi ya titani, na titani ni tajiri mchoyo: kila noti iliyo chini ya 400 anaipokea, chenji hatoi, yote inakuwa joto. Ukimchanganya na rangi angavu kwenye kopo moja, anasimama mlangoni na kuzoa urujuanimno kabla haujaifikia dai. Jicho la pweza liliwaka kwa sababu moja tu: nililipaka mwishoni kwa mabaki ya rangi ambayo haikuchanganywa na kitu. Nguru wa buluu yeye hakuwa na kesi yoyote, alipakwa rangi ya mafuta ya kawaida, ambayo ingekuwa kali hata mara kumi isingewaka.

Nyeupe ina mahali pake, chini. Rangi angavu haizibi. Ukiipaka juu ya mbao tupu, rangi ya mbao inaonekana kwa ndani na kuumeza mwanga unaojaribu kutoka. Piga nyeupe kwanza, iache ikauke kabisa, kisha rangi angavu mara mbili au tatu nyembamba. Nyeupe iliyoko chini inausukuma mwanga utoke kwa mtazamaji. Ukitaka pinki, nunua pinki.

Vanishi nayo ina mtego wake. Zile za kazi za nje hutiwa dawa ya kuzuia miale ya jua, na dawa hiyo haijui kama miale inatoka juani au kwenye taa yako. Ukiipaka juu ya samaki unamlinda na kumzima kwa pamoja. Usipoipaka, jua litaila rangi yenyewe, maana dai hizi ni dhaifu mbele ya jua. Miezi michache ukutani na pinki imekuwa kama maziwa yaliyodondoshewa damu. Kazi ya ndani mimi siipaki vanishi ya namna hiyo. Kazi ya nje namwambia mteja tangu mwanzo kwamba atarudi.

Zipo pia rangi ambazo mchana hazionekani kabisa. Nyingi ni za buluu. Nyekundu hupatikana kwa madini adimu ya yuropiamu, nayo ndiyo iliyotiwa kwenye noti za yuro, jambo ambalo lazima kuna mtu ofisini lilimchekesha. Wakala wa fedha mwenye kijitaa mezani anaitegemea fizikia hiyohiyo kila siku: karatasi ya noti halisi inatakiwa ibaki kiza na alama chache tu ziwake, wakati karatasi ya kawaida ya printa inawaka buluu yote, kama shati la mwalimu mkuu.

Kwa nini shati? Zamani tulifua nguo nyeupe kwa bluu, ile ya kufungwa kwenye kitambaa na kuzungushwa kwenye karai. Bluu ile ilikuwa inaficha umanjano tu, na nguo ilizidi kuwa nyeusi kidogo, ingawa jicho liliiona nyeupe. Sabuni za unga za sasa zina kemikali inayong'ang'ania kwenye pamba, inameza urujuanimno wa jua na kurudisha buluu. Nguo haijawa safi zaidi, imepewa taa. Karatasi nyeupe hufanyiwa hivyohivyo kiwandani, na vitambaa vingi pia. Kanga yenye mji mweupe niliyoimulika ikiwa bado haijaguswa maji iliwaka, pindo jeusi likabaki shimo.

Pazia jeusi kwa hiyo usilifue kwa unga. Tumia kipande cha sabuni ya kawaida, na kabla hujakitumia kimulike. Bora zaidi ni mahameli nyeusi, ambayo manyoya yake yanafukia mwanga, lakini mahameli inapenda vumbi, na vumbi la nyumbani limejaa nyuzi za nguo zilizofuliwa. Nimewahi kutumia saa mbili nikiikokota tepe pana juu ya mita sita za mahameli, taa mkononi, nikiokota nyota mojamoja. Mimi mwenyewe ndiye niliyezileta: kila nikipita na fulana yangu nyeupe, nyingine zinaanguka.

Vitu vigumu vina raha yake. Karatasi za akriliki za watengeneza mabango, zile zenye rangi angavu, huwaka kingo kuliko uso, kwa sababu mwanga unaozaliwa ndani unanaswa baina ya nyuso mbili na kukimbilia pembeni. Ukichora mstari kwa ncha ya msumari, mstari unawaka kama kingo, mwanga umepata ufa wa kutokea. Magamba ya samaki wa mara ya pili niliyachora hivyo, na sikuhitaji brashi.

Ukishakuwa na tochi ya 365 huachi kumulika. Mchicha uliotwangwa, ukalowekwa kwenye spiriti na kuchujwa, ni maji ya kijani. Chini ya tochi ni mekundu kama damu, klorofili hiyo. Manjano ya pilau kwenye spiriti inawaka njano ya kijani. Nge kwenye ukuta wa choo cha nje anang'aa buluu-kijani mwili mzima, isipokuwa akiwa ametoka tu kujivua gamba. Meno yanawaka; jino la bandia mara nyingine haliwaki, na mtu akicheka gizani unaona pengo ambalo mchana halipo.

Unga unaoendelea kuwaka baada ya taa kuzimwa ni ukoo mwingine. Ule mzuri wa sasa, wa kijani, ni aluminati ya stronti. Unakunywa mwanga na kuutoa polepole kwa saa nyingi. Ukinunua, hakikisha umefunikwa dhidi ya maji kama utauchanganya na rangi ya maji, la sivyo utaoza koponi. Hauna mionzi. Nasema hivyo kwa sababu uliotangulia ulikuwa nayo: kati ya 1917 na 1926, huko Orange, New Jersey, wasichana walipaka sura za saa kwa rangi yenye radiamu iliyoitwa Undark, wakichonga ncha ya brashi kwa midomo yao kama walivyofundishwa. Taya zao zilioza. Watano walishtaki, na 1928 wakalipwa nje ya hukumu, wakiwa tayari wanakufa. Fundi wangu mmoja ana tabia ya kulamba brashi. Simwachi, hata kama kopo ni la rangi ya watoto. Na usoni pa mtoto haipakwi rangi ya mbao kwa kisingizio kwamba ni mchezo wa usiku mmoja. Ziko za vipodozi.

Kwa duru ya pili nilirudi Kariakoo na tochi mfukoni. Kijana wa dukani akanionyesha kopo. "Mzee wangu, hii inawaka balaa." Nikamwomba tuzime taa. Akacheka, akaniona wa ajabu, lakini akanipeleka stoo na kuziba nafasi chini ya mlango kwa gunia. Nikamulika. Kopo lake halikuwaka. Kifuniko cha plastiki ndicho kilichowaka. Mawili ya nyuma yake, yenye vumbi, ambayo hakuyataja, yakalipuka machungwa na kijani. Kijana akanyamaza. Kisha akaniomba tochi, "dakika moja tu, mzee," akaanza kupita kwenye rafu, kopo baada ya kopo, akijisemesha. Huko nje mteja aligonga kaunta kwa sarafu. Aligonga tena. Nilikuwa nimesimama gizani na makopo yangu mawili, nikiona meno yake yakitokea na kupotea kati ya rafu.